Oganoidi za saratani ya kongosho: matone yanatandaa, midia inageuka waridi (maabara iko Mbeya)

Loleza (Mbeya)

Habari za kazi wakuu. Naomba mchango wa wanaokuza oganoidi za saratani ya kongosho (vijitufe vya seli za mgonjwa vinavyokuzwa maabara), hasa mlioko kwenye miinuko kama huku kwetu.

Tishu tulizonazo ni nyuzi za biopsi ya sindano geji 18. Uvimbe uliotolewa kwa upasuaji ni nadra, maana mgonjwa wa kongosho kwa kawaida anafika hospitali ugonjwa umeshavuka hatua ya kupasuliwa. Uzi unakatwakatwa, unameng'enywa kwa kolajinezi II (kimeng'enya kinachoyeyusha kolajeni) 5 mg/ml saa moja kwa nyuzi 37, unaoshwa, unazungushwa kwenye sentrifuji, kisha seli zinachanganywa na Matrigel (jeli ya protini) na kudondoshwa matone ya maikrolita 50 kwenye sahani ya visima 24.

Midia, yaani kimiminika cha kulishia seli, ni Advanced DMEM/F12 yenye HEPES 10 mM, B27, N-asetilisisteini 1.25 mM, nikotinamidi 10 mM, EGF 50 ng/ml, Noggin 100 ng/ml, FGF10 100 ng/ml, gastrini 10 nM, A83-01 500 nM, R-spondin1 kutoka midia iliyovunwa kwenye seli 10%, na Wnt3A ya namna hiyohiyo 50%. Siku za mwanzo tunaongeza Y-27632 10 µM, ya kusaidia seli zisife. Inkubeta ni nyuzi 37, CO2 5%.

Shida zenyewe: tone halisimami, linatandaa kama uji na kugusa ukuta wa kisima. Midia inakuwa waridi iliyokolea kesho yake tu. Kufikia siku ya nne au ya tano seli nyingi zimekufa, na zinazobaki ni fibroblasti (seli za tishu unganishi) zinazotambaa chini ya kisima. Tuanzie wapi?

Gangilonga (Iringa)

Pole na kazi mkuu. Anza na tone. Likikosewa hilo, huwezi kujua kama tishu ilikuwa nzima au la.

Matrigel ni mchanganyiko wa protini zinazotolewa kwenye sarkoma ya panya. Ikiwa baridi ni kimiminika, ikipita nyuzi 10 inaanza kuganda. Maelekezo mengi yameandikiwa maabara zenye nyuzi 22 hadi 25, kwa hiyo yanahimiza kupoza tu: ncha za pipeti kwenye friza, tyubu kwenye barafu, mkono mwepesi. Huku kwetu mwezi wa sita na wa saba, chumba kisicho na kipasha joto kinakuwa baridi vya kutosha kukuletea shida ya upande wa pili. Sahani uliyoitoa kwenye inkubeta inapoa haraka sana juu ya bamba la chuma la kabineti, na upepo wa kabineti unaipuliza muda wote. Tone likitua kwenye plastiki iliyopoa linatandaa kwanza, linaganda baadaye. Hapo ndipo unapata huo uji.

Sahani tupu ilale inkubeta usiku kucha. Wakati wa kudondosha iweke juu ya kipande kinene cha alumini kilichopashwa hadi nyuzi 37, usiiweke moja kwa moja kwenye chuma cha kabineti. Dondosha visima sita, funika, rudisha ndani. Sahani nzima kwa mkupuo mmoja ni ndefu mno kwa chumba baridi. Tone likishakaa nusu dakika hadi dakika moja, pindua sahani juu chini, ili seli zisizame na kushika plastiki. Vitabu vinasema dakika 10. Kwenye baridi nenda 15 hadi 20. Midia ya kumiminia, mikrolita 500 kwa kisima, iwe imefika nyuzi 37 na ipite ukutani. Midia iliyotoka friji inalainisha tone lililoganda vizuri kabisa, na kosa hili linarudi kila unapobadilisha midia, si siku ya kwanza tu.

Jambo la pili ni ukali wa Matrigel yenyewe. Protini yake ni karibu 8 hadi 12 mg/ml kutegemea toleo, na matone hayasimami vizuri ukiishusha chini ya 70%. Angalia unavyomwaga maji baada ya sentrifuji. Ukiacha mikrolita 100 juu ya mashapo ya seli kisha ukaongeza mikrolita 200 za Matrigel, umeshafika 67% bila kujua. Bakiza kiasi cha mikrolita 10, tumia ncha nyembamba ya pipeti kunyonya mabaki.

Tatu, safari. Kutoka Dar hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, na Matrigel ikiyeyuka nusu njiani ikagandishwa tena inakuwa na mabonge. Barafu kavu kwenye boksi la kawaida la povu inaweza kupungua kilo 3 hadi 5 kwa siku, kwa hiyo weka ya siku mbili hata kama basi linafika jioni ileile. Boksi lisizibwe kabisa, gesi itoke, na lisisafirishwe ndani pamoja na abiria. Ikifika, iyeyushe usiku kucha ikiwa imezamishwa kwenye barafu ndani ya friji, igawe kwenye tyubu ndogo zilizopozwa, urudishe nyuzi −20 mara moja tu. Epuka friza inayojiyeyushia barafu yenyewe: joto lake linapanda na kushuka kila siku.

Kitulo_Maua (Njombe)

Nakubaliana na Gangilonga. Mimi niguse rangi: waridi ni dalili kuwa pH ya midia imepanda.

Maelekezo yanasema CO2 5% kwa sababu yaliandikwa karibu na usawa wa bahari. Kinachoamua pH ya midia ni shinikizo la CO2, asilimia peke yake haitoshi. Mbeya mjini ni kama mita 1,700, shinikizo la hewa ni karibu hektopaskali 825 badala ya 1,013. Toa mvuke wa maji ndani ya inkubeta kwa nyuzi 37, ambao ni kama 63 popote ulipo, uone:

Pwani: 5% ya 950 ni 47.5.
Mbeya: 5% ya 762 ni 38.

Upungufu huo, kwa midia yenye bikaboneti ya DMEM/F12, unapandisha pH kwa karibu 0.1. Ili upate shinikizo la pwani unahitaji kama 6.2%. Kwa Iringa mjini ni pungufu kidogo, kwa Njombe ni zaidi. HEPES 10 mM inatuliza pH kidogo tu.

Lakini waridi *iliyokolea* haiwezi kuletwa na 0.1 peke yake. Kagua pia chupa ya midia: ikiwa imebaki robo na inafunguliwa kila siku, CO2 imeshatoka na pH imepanda kabla hujaimimina. Gawa midia kwenye tyubu za mililita 40 zilizojaa. Na kisima chenye seli hai chache hakitengenezi asidi ya kutosha, kwa hiyo rangi hiyo wakati mwingine ni dalili ya vifo, chanzo kipo kwingine. Weka kisima kimoja chenye tone tupu na midia. Kikiwa na rangi ileile kama vingine, shida ni gesi au midia.

Loleza (Mbeya)

Asante sana dada Kitulo, asante Gangilonga. Je, nipandishe CO2 hadi 6.2% leo? Na hiyo saa moja ya kolajinezi ni sawa kwa uzi wa sindano?

Igurusi_Maabara

Usipandishe kwanza, mkuu. Angalia kihisi cha inkubeta ni cha aina gani.

Kihisi cha infraredi kinahesabu molekuli za CO2 zilizopo, yaani kinafuata shinikizo lenyewe. Kama kilisawazishwa pwani na hakijarekebishwa kwa mwinuko, kikionyesha 5% huenda tayari kina shinikizo la pwani, na ukipandisha utaifanya midia kuwa na asidi. Kihisi cha upitishaji joto hufuata uwiano, na hudanganywa na unyevu, hasa trei ya maji ikikauka. Mashine nyingi zina sehemu ya kuandika mwinuko kwenye menyu. Fundi akiweka mita 0 au 1,700, maana ya ile 5% inabadilika kabisa. Njia isiyobishaniwa: weka midia mililita 10 kwenye chupa ya seli yenye kifuniko cha kichujio, iache inkubeta usiku mzima, pima pH ndani ya dakika moja baada ya kuitoa kwa mita iliyosawazishwa kwa nyuzi 37. Unatafuta 7.3 hadi 7.5. Rekebisha CO2 kwa nusu asilimia hadi ufike hapo, kisha andika namba hiyo mlangoni.

Umeme ukikatika, vali ya gesi hujifunga, na mlango ukifunguliwa mara moja tu CO2 yote imeondoka. Jenereta ikichelewa, acha mlango umefungwa na usichungulie.

Nyongeza ambayo haikuulizwa: otoklevu (mashine ya mvuke ya kuua vijidudu). Kipimo cha nje kikisomeka pauni 15, kwa Mbeya mvuke ndani uko karibu nyuzi 118, si 121, kwa sababu pauni hizo zinahesabiwa juu ya hewa ya nje ambayo ni nyepesi. Fuata kipimajoto, au panda hadi kama pauni 18. Maji na bafa ambazo hazikufikia joto zinaleta bakteria unaowasingizia wagonjwa.

Kitulo_Maua (Njombe)

Igurusi yuko sahihi, pima kwanza pH. Sasa tishu.

Saa moja ni ndefu kwa uzi wa sindano. Muda huo unafaa uvimbe wa upasuaji, ambao ni mgumu kwa sababu saratani ya kongosho imejaa kolajeni na fibroblasti, na seli za saratani mara nyingi ni sehemu ndogo ya kipande. Kwa uzi, kata vipande chini ya milimita moja kwa wembe mbili, weka kolajinezi II 5 mg/ml pamoja na DNase I 10 µg/ml na Y-27632, kisha angalia chini ya darubini kila dakika 5 kuanzia ya 15. Ukiona vikundi vya seli 5 hadi 20 vinaelea, simamisha. Usitafute seli mojamoja. Seli ya kongosho iliyotenganishwa na wenzake hufa kirahisi, hicho ndicho mnachokiona siku ya nne. Bila DNase, DNA ya seli zilizopasuka inafanya kamasi inayonasa kila kitu. Osha kwa midia yenye albumini ya ng'ombe 0.1%, na paka ndani ya tyubu na ncha za pipeti kwa hiyohiyo, la sivyo nusu ya seli chache ulizonazo zinabaki kwenye plastiki. Zungusha 300 g dakika 5. Kama mashapo ni mekundu, tumia bafa ya kupasua chembe nyekundu dakika 2 hadi 3, si zaidi.

Uzi mmoja weka kwenye tone moja au mawili. Seli zikitawanywa kwenye matone sita zinakuwa mbalimbali mno.

Kabla ya hayo, ongea na wanaochukua biopsi. Chombo kisiwe na formalini hata tone, maana inaua seli, na hili halijulikani wodini kwa sababu sampuli za patholojia zote zinaingia humo. Wapelekee mapema tyubu yenye midia baridi, Y-27632 na Primocin (antibiotiki) 100 µg/ml. Kwenye nyuzi 4 tishu inavumilia hadi kama saa 24, ingawa kila saa inapunguza. Mgonjwa aliyewekewa mpira kwenye njia ya nyongo ana bakteria wengi eneo hilo. Osha mara tatu na ongeza amfoterisini B siku za mwanzo kwa ajili ya fangasi.

Kuhusu fibroblasti: midia ya seli za L-Wnt3A huvunwa ikiwa na seramu ya ndama 10%. Ukiitumia 50%, umewapa fibroblasti seramu 5%, wanafurahi. Timu ya Toshiro Sato wa Keio, Japani, ilionyesha mwaka 2018 kwamba oganoidi za saratani ya kongosho hazilingani katika kuhitaji Wnt (ishara ya kuchochea seli kukua): nyingine zinaitaka kutoka nje, nyingine zinajitengenezea, nyingine hazijali hata R-spondin. Kwa hiyo ukiwa na matone mawili, moja lipe midia yenye Wnt3A na la pili lisipewe. Fibroblasti walioshika plastiki usiwafuate wakati wa kugawa oganoidi kwenye matone mapya: nyanyua tone zima kwa ncha iliyokatwa, waache chini.

Loleza (Mbeya)

Nimeelewa. Zikiota, nitajuaje kuwa ni saratani na si mifereji ya kawaida ya kongosho? Kwa macho zote zinaonekana kama viputo.

Kitulo_Maua (Njombe)

Kwa macho hutajua, na hili ndilo linalonitia wasiwasi kuliko mengine yote. Midia hii ilitengenezwa kukuza vyote viwili. Njia iliyotoka mwaka 2015 kwa timu za David Tuveson wa Cold Spring Harbor, Marekani, na Hans Clevers wa Uholanzi ilikuza kongosho la kawaida na la saratani kwa pamoja. Kiputo chenye ukuta mwembamba wa safu moja ya seli kinaelekea kuwa cha kawaida, chenye ukuta mnene au kilichojaa ndani kinaelekea kuwa saratani, lakini saratani nyingine nazo ni viputo vizuri tu.

Pima jeni ya KRAS. Zaidi ya 90% ya saratani za mifereji ya kongosho zina mabadiliko hapo, mengi kwenye kodoni ya 12, halafu ya 61 na ya 13. PCR na usomaji wa DNA kwa njia ya Sanger vinatosha, ila Sanger haioni kitu kilicho chini ya kama 15 hadi 20% ya DNA, kwa hiyo pima baada ya kugawa mara mbili au tatu. Linganisha na damu ya mgonjwa huyohuyo kwa alama za STR (vipande vya DNA vinavyomtambulisha mtu), uhakikishe tyubu hazikubadilishana.

Ukiona mchanganyiko, kuna kuchuja kwa dawa. Nutlin-3 ya 5 hadi 10 µM inaua seli zenye jeni ya TP53 nzima, za kawaida zinaondoka. Tahadhari: karibu 30% ya saratani hizi hazina mabadiliko ya TP53, nazo zitaondoka pia. Chuja nusu, nusu ihifadhi bila kugusa.

Na mycoplasma, bakteria wadogo sana, upime kwa PCR kila mwezi. Haionekani kwenye darubini ya kawaida, haichafui midia, na inapotosha kila jibu la dawa.

Tukuyu_Baridi

Naongeza mambo ambayo hayajaguswa.

Nyuzi za sindano ni mali adimu, na ya mgonjwa aliyekubali kwa maandishi. Kabla ya kuzitumia kujifunzia mkono, fanya zoezi na mistari ya seli, yaani seli za saratani ya kongosho zilizozoea kuota maabara. PANC-1 inakusanyika vizuri: paka visima vya duara 96 kwa agarozi 1.5%, mikrolita 50 kila kimoja, weka seli 1,000 hadi 2,000, zungusha 200 g dakika 10, na kufikia siku ya tatu au ya nne una tufe moja kwa kisima. MIA PaCa-2 inafanya rundo legelege. Iongezee metiliselulosi 0.24% au Matrigel 2.5%. BxPC-3 weka kama kilinganishi, kwa sababu KRAS yake haijabadilika. Matufe haya hayachukui nafasi ya oganoidi, ila yanafundisha gesi, joto na mkono bila kupoteza tishu.

Kugandisha: fanya siku ya tatu au ya nne baada ya kugawa, oganoidi zikiwa ndogo. Zikiwa viputo vikubwa zinapasuka. DMSO 10%, kushuka nyuzi 1 kwa dakika hadi −80, kisha naitrojeni ya kimiminika ndani ya wiki chache. Kama hamna naitrojeni ya uhakika, ulizeni maafisa mifugo wanaofanya uhimilishaji wa ng'ombe wa maziwa. Wao ndio watumiaji wa kudumu wa naitrojeni vijijini, wanajua gari linapita lini. Pima kina kwa fimbo kila wiki na kiandikwe.

Kibali cha maadili kiseme wazi kwamba seli zitaishi na kuhifadhiwa, siyo kupimwa mara moja tu. Zikitaka kuvuka mpaka kuna makubaliano ya uhamishaji sampuli, na hayo huchukua muda kuliko oganoidi kuota.

Mkifika kwenye kupima dawa: gemsitabini iyeyusheni kwa maji, paklitakseli kwa DMSO. Oksaliplatini msiiweke kwenye DMSO, inaungana nayo na kupoteza nguvu. Wala kwenye salini, kloridi inaiharibu. Maji safi au glukosi 5%. N-asetilisisteini iliyomo kwenye midia nayo ina salfa inayoweza kuikamata platini, kwa hiyo wekeni sahani ya kulinganisha isiyo nayo. DMSO ya mwisho isizidi 0.5% na iwe sawa visima vyote, vya kilinganishi vikiwemo.

Hewa ya kiangazi huku ni kavu, visima vya pembeni vinapoteza maji na dawa inakolea bila nyinyi kujua. Visima vya mzunguko wa nje vijazwe PBS (maji ya chumvi yenye bafa), visihesabiwe. Hapa si matone tena: oganoidi zipandwe kwenye Matrigel 10% ili dawa na kitendanishi cha ATP (kinachotoa mwanga kuonyesha seli hai) vipenye. Dawa iwekwe baada ya saa 24, isomwe siku ya tano. Kabla ya kusoma, sahani ikae nje ifike joto la chumba, na chumba kiwe kimepashwa hadi nyuzi 22 hivi. Mwanga wa lusiferezi, kimeng'enya kilichomo kwenye kitendanishi hicho, hupungua kwenye baridi, na sahani ya asubuhi ya mwezi wa saba haitalingana na ya mchana.